Kuondoa Mabaki ya Windows Katika Diski Kuukuu

Najua umezoea kukuta katika kurasa hizi mashairi, vitendawili na visa vya mapenzi vya kidato cha pili ambavyo havifiki Disemba. Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi huamini haliwezi kuelezwa ila kwa Kiingereza, nalo ni diski kuukuu ya kompyuta iliyojaa faili za mfumo usiotumika tena. Mwalimu wetu mlezi aliniuliza kama maneno yatatosha. Nilimjibu kwamba yakipungua tutakopa, maana hata meza na shati tulikopa na hakuna anayetudai.

Kwanza tuelewane. Diski ngumu ni kile kisanduku cha chuma ndani ya kompyuta ambamo kila kitu huhifadhiwa hata stima ikipotea. Mfumo wa uendeshaji nao ni ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote. Hapa kwetu aghalabu huwa ni Windows ya kampuni ya Microsoft, kwa hivyo nitasema Windows tu ili nisiwachoshe.

Habari hii ina wakati wake. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kila mfumo mmoja unapostaafishwa hivi, kompyuta chungu nzima hubadilishwa, au hutiwa diski mpya ya aina ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya zamani haitupwi. Nani atupe gigabaiti 500 bure? Huachwa ndani ya mashine iwe ghala, au huuzwa kwa fundi. Shida ni kwamba ghala lenyewe lina mizigo ya mpangaji aliyehama.

Ukiiunganisha diski kama hiyo na kompyuta nyingine utakuta folda iitwayo Windows, nyingine Program Files, nyingine ProgramData, na nyingine Users. Ikiwa ilikuwa na XP, mahali pa Users utakuta Documents and Settings. Kuna pia faili mbili zinazojificha, pagefile.sys na hiberfil.sys. Ya kwanza ni nafasi ya akiba ambayo mashine hukimbilia kumbukumbu yake ya kazi inapojaa, na ya pili ndimo kompyuta huandika ilichokuwa ikifanya kabla ya kulala usingizi mzito. Zote mbili huweza kula gigabaiti kadhaa, na katika diski isiyowasha mashine hazina kazi yoyote. Wengine huziacha folda za Program Files wakidhani zile programu za kupiga chapa na za michezo zitafanya kazi katika kompyuta mpya. La hasha! Nyingi hazitafunguka, kwa sababu daftari zilimosajiliwa limo ndani ya ile Windows iliyokufa, na Windows mpya haizitambui.

Basi mtu huishika folda ya Windows ya zamani, akabonyeza kufuta, akangoja. Kompyuta humjibu kwamba hana ruhusa. Anabonyeza tena, anajibiwa vivyo hivyo. Hapo ndipo utasikia eti diski imelogwa au ina virusi. Diski haijalogwa. Inafanya kazi iliyofundishwa.

Mwaka 1993, Microsoft ilipoleta Windows NT, ilileta pia utaratibu uitwao NTFS, na siku hizi diski nyingi za Windows hupangwa kwa utaratibu huo. Katika utaratibu huo kila faili ina mwenyewe, na ina orodha ya walioruhusiwa kuigusa. Sasa sikiliza jambo lililonifurahisha mimi nilipolielewa: mwenye faili haandikwi kwa jina. Huandikwa kwa nambari ndefu inayoanza na S-1-5-21, kisha tarakimu nyingi nyuma yake, na kila Windows inapowekwa hujitengenezea nambari zake. Kwa hivyo hata kama ulijiita Juma katika kompyuta ya zamani na ukajiita Juma katika mpya, kwa neno la siri lilelile, faili za zamani hazikujui. Wewe kwao ni Juma mwingine kabisa, Juma wa ploti ya jirani.

Faili za Windows yenyewe zina ulinzi zaidi. Kuanzia Windows Vista zilikabidhiwa kwa mwenyewe aitwaye TrustedInstaller, ambaye si mtu bali ni sehemu ya mfumo. Huyu ni kama soja wa getini. Aliwekwa ili hata mwenye mashine asizifute faili za mfumo kwa bahati mbaya, na ili programu mbovu zisizichezee. Windows yake imekufa, nyumba imehamwa, lakini amri iliyoandikwa kwenye diski ingalipo na Windows mpya inaiheshimu. Kwa maoni yangu ni afadhali hivyo. Soja anayefungua geti kwa kila anayebisha ana faida gani?

Kabla sijaeleza namna ya kumwondoa huyo soja, lipo jambo ambalo limewaliza watu wengi. Huenda kompyuta yako bado inaitegemea ile diski ya zamani bila wewe kujua. Mtu anapoweka Windows mpya kwenye SSD huku diski ya zamani ikiwa bado imechomekwa, kiwekeo cha Windows huweza kuona kwamba kwenye diski ile ya zamani pako tayari pahali pa kuwashia. Basi huziweka faili za kuwashia mashine kulekule, na Windows yenyewe ikaenda kwenye SSD. Mambo huenda vyema miezi na miezi. Siku utakapoisafisha diski ya zamani, utazima, utawasha, na utatazamwa na kioo cheusi.

Jaribio lake ni rahisi na halitaki programu yoyote. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima ukutani, fungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, kisha uchomoe kebo za ile diski ya zamani. Washa. Mashine ikiwaka kama kawaida, diski ile si tegemeo tena. Isipowaka, irudishe kebo upesi na usifute kitu chochote mpaka faili za kuwashia zihamishiwe kwenye diski mpya. Amri ya kuzihamisha inaitwa bcdboot, lakini hapo mimi ningemwita mwalimu wa kompyuta aketi kando yangu. Isitoshe, jaribio hili hukuonyesha kwa macho diski ipi ni ipi, na kukosea diski ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Herufi hazitoshi. Diski iliyokuwa C katika mashine yake ya zamani ikihamia kwako huitwa D au E au F, kwa sababu C ishachukuliwa.

Kuna hali moja nyepesi ambayo nitaipitia haraka. Ukiwa umeweka Windows mpya juu ya ya zamani katika diski ileile, utakuta folda iitwayo Windows.old. Hiyo usihangaike nayo kwa mkono. Ipo programu ya kusafisha diski ndani ya Windows yenyewe, inaitwa Disk Cleanup. Ifungue, bonyeza kitufe cha kusafisha faili za mfumo, kisha uchague mstari wa Windows za awali. Windows 10 na 11 kwa kawaida huifuta folda hiyo zenyewe baada ya siku 10. Ila kumbuka ukiisha kuifuta huwezi kurudi kwenye mfumo wa zamani, na kama kulikuwa na kazi yako iliyobaki humo, imekwenda nayo.

Sasa turudi kwa diski ya pili. Kama unataka kuondoa Windows tu na kubakiza picha na maandishi yako, fungua dirisha jeusi la amri kwa uwezo wa msimamizi. Tuseme diski ya zamani imepewa herufi E. Amri ya kwanza inakufanya wewe kuwa mwenyewe wa folda, ya pili inakupa ruhusa yote, na ya tatu inafuta:

takeown /f E:\Windows /r /d y
icacls E:\Windows /grant Administrators:F /t
rd /s /q E:\Windows

Usitarajie iishe upesi, kwa kuwa ndani ya Windows mna faili maelfu kwa maelfu na kila moja hubadilishwa peke yake. Zaidi ya hayo, tazama nilivyoandika E:\Windows wala sikuandika E:\ peke yake. Sikufanya hivyo kwa kupenda maneno marefu. Katika diski za Windows Vista na zilizofuata kuna kitu kinachofanana na folda, kiitwacho Documents and Settings, ambacho kwa kweli ni mlango tu. Mlango huo umeandikwa uelekee C:\Users. Katika mashine yake ya zamani C ilikuwa ni diski ileile. Katika mashine yako C ni diski mpya! Ukijipa ruhusa juu ya diski nzima halafu ukaingia mlango ule ukidhani umo ghalani, utajikuta sebuleni mwako, ukizipekua faili zako mwenyewe. Kwa hivyo itaje folda moja moja: Windows, kisha Program Files, kisha ProgramData. Jina lenye nafasi katikati lizungushie alama za kunukuu.

Njia nyingine ni kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mathalani Ubuntu. Linux ikiifungua diski ya NTFS kwa kawaida haiulizi ruhusa za Windows hata kidogo, soja kwake haonekani. Wapo wanaosema hii ndiyo njia bora. Mimi naiogopa kwa sababu hiyohiyo, maana itafuta hata usichokusudia.

Yote hayo ni kazi ya mikono. Lakini liko swali ambalo amri haziwezi kulijibu, nalo nililipata mwaka jana kwa mjomba wangu, ambaye ana duka la kupiga chapa na fotokopi karibu na steji. Alikuwa amenunua kompyuta mbili kutoka kwa saiba moja iliyofungwa. Alitaka diski moja iwe ghala la kazi za wateja wake, na ya pili aiuze kwa fundi wa simu.

“Toa hiyo Windows 7 tu, mpwa wangu, uniachie nafasi,” akaniambia.

Nilifungua folda ya Users ili nione kama kuna la kubakiza. Kumbe wale wa saiba walikuwa wakihifadhi kila kitu kilichopita kwenye skana yao. Palikuwa na vitambulisho vya watu, mbele na nyuma. Palikuwa na vyeti vya KCSE, fomu za mikopo ya chuo, barua za kuomba kazi, karatasi za KRA. Kila faili ilipewa jina la mwenyewe, tena majina mawili. Moja nililitambua. Ilikuwa ni cheti cha kifo, na jina ni la mtu wa mtaa wetu. Sikuifungua.

“Mjomba, hii diski ina watu ndani,” nikamwambia.

“Si ufute hiyo pia?”

“Kufuta hakutawaondoa.”

Aliniangalia kama naongea Kichina, na hapo nikalazimika kumweleza kama ninavyokueleza wewe. Unapofuta faili, hata ukimwaga na lile pipa la taka, kompyuta haiendi kufuta maandishi yaliyomo. Katika NTFS kuna jedwali kuu, mfano wa rejista ya darasa, linaloandika kila faili ilipo. Kufuta ni kutia alama kwenye rejista kwamba pahali hapo pako wazi. Mwanafunzi mwenyewe bado ameketi kwenye dawati, na ataendelea kuketi mpaka mwingine aje akalie nafasi yake. Kufomati kwa haraka nako ni kuandika rejista mpya tupu tu. Programu kama PhotoRec, inayotolewa bure, hupita kwenye madawati bila kuisoma rejista na kuwatambua walioketi kwa sura zao. Wahenga walituambia mwenye kovu usidhani kapoa.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa katika chuo cha MIT kule Marekani, walinunua diski kuukuu 158 kati ya mwaka 2000 na 2002, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2003. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika zilizobaki walipata nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000. Wenye diski zile wengi walikuwa wamefuta au wamefomati, wakalala usingizi. Hapa kwetu tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayosema kwamba habari za mtu zisiwekwe kwa muda mrefu kuliko kazi zilikochukuliwa. Aliyekwenda saiba kutoa nakala ya kitambulisho hakutoa ruhusa kiuzwe pamoja na kompyuta kwa mtu asiyemjua, na kutoka kwa huyo kwa fundi, na kutoka kwa fundi kwa Mungu-ndiye-ajuaye.

Basi kwa diski zile tuliachana na takeown na jamaa zake. Hapakuwa na kitu chetu cha kubakiza, na hapo kuchagua folda moja moja ni kujisumbua. Tulizifuta zote mbili mpaka chini, kila sekta ikaandikwa sifuri. Programu yake imo ndani ya Windows na inaitwa diskpart. Unaandika list disk, inakuonyesha orodha. Unaandika select disk na nambari ya diski uliyoikusudia. Halafu clean all. Jihadhari hapo kama unavyojihadhari na chungu cha mafuta ya mandazi. Diskpart haikuulizi kama una hakika. Ukibonyeza, imeanza. Nilizitambua diski kwa ukubwa, kwani ile ya gigabaiti 500 huonekana hapo kama 465, si kwamba umeibiwa, ni kwamba kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1024. Zaidi ya hayo nilikuwa nimechomoa kila diski nyingine isipokuwa ile iliyoiwasha mashine.

Anayeogopa diskpart anaweza kufomati kwa njia ya kawaida akiondoa alama kwenye kisanduku cha kufomati kwa haraka. Tangu Windows Vista, fomati ndefu huandika sifuri katika sehemu yote inayofomatiwa. Kwa diski inayoandika megabaiti 80 kila sekunde, gigabaiti 500 zinahitaji saa moja na dakika 44 hivi. Za mjomba zilichelewa zaidi, na stima ilipopotea katikati ya ile ya pili tulianza upya. Hesabu hii ni ya diski za kuzunguka; SSD ina mambo yake na hutengenezewa programu ya kuisafisha na kiwanda chake.

Kama kuna kazi yako ya kubakiza, inakili kwanza mahali pengine, uifungue huko uone kama inasomeka, ndipo ufute. Tazama Desktop, Documents, Pictures na Downloads, kisha utazame nje ya Users pia, kwa kuwa programu nyingine za hesabu za maduka huweka daftari zake palepale mwanzoni mwa diski. Diski ikiwa inatoa mlio wa kugonga, tak tak tak, nakili siku hiyohiyo. Na ikiwa ilifungwa kwa BitLocker itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Mwenyewe asipoupata, faili zile hazisomeki na fundi yeyote atakayekuahidi vingine anataka pesa yako.

Diski moja sasa iko kwa mjomba na ina kazi za wateja, na kila Ijumaa jioni anafuta skani za wiki. Ya pili hakuiuza. Alitupa sisi wa Chama cha Kiswahili, na humo ndimo tunamoweka sauti za wakariri mashairi wa shule na nakala za jarida hili. Mwenye diski kuukuu nyumbani na aje nayo chumba cha kompyuta siku ya Alhamisi baada ya michezo, pamoja na ruhusa ya mzazi. Za kompyuta ya mezani zinahitaji waya wake wa stima, na adapta tunayo moja tu, kwa hivyo mtapanga foleni. Bisibisi kila mtu aje na yake.